Mdakaji Anapobadilishwa: Nani Hupata, Nani Hupoteza?

Tarehe 12 Desemba 2022, klabu tatu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, zilifunga dili lililohamisha wachezaji tisa kwa mpigo. Atlanta Braves walimpata Sean Murphy, mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji wake) wa Oakland Athletics. Milwaukee Brewers walimpata William Contreras, mdakaji kijana wa Atlanta, pamoja na warushaji wawili: Joel Payamps aliyetoka Oakland na Justin Yeager aliyetoka Atlanta. Oakland nao wakaondoka na watu watano: Esteury Ruiz kutoka Milwaukee, kisha Kyle Muller, Freddy Tarnok, Royber Salinas na mdakaji mkongwe Manny Piña kutoka Atlanta.

Jina kubwa siku ile lilikuwa la Murphy. Leo dili likikumbukwa, anayetajwa kwanza ni Contreras. Nataka kueleza ilikuwaje, maana dili hili moja limebeba karibu kila hatari na kila faida ambayo klabu hukutana nayo inapomtafuta mdakaji. Rai yangu naiweka mezani mapema: klabu inayochukua mdakaji inanunua miaka kabla haijanunua ustadi. Kuna miaka iliyobaki kwenye magoti na mikono ya mchezaji, na kuna miaka iliyobaki kwenye haki ya klabu kuwa naye. Hesabu hizo mbili zikipishana, hasara inaanzia hapo, hata kama mchezaji ni hodari kweli.

Soko lisilo na ada ya uhamisho

Kwa aliyekulia kwenye soka, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba klabu za MLB kwa kawaida hazilipani ada ya uhamisho. Zinabadilishana watu. Ukimtaka mdakaji wangu, nipe wachezaji wako, na mara nyingi nitataka vijana walio bado kwenye ligi za chini, ambao hawajagusa hata mechi moja ya ligi kuu. Mkataba husafiri na mchezaji jinsi ulivyo, mshahara uleule na miaka ileile. Mwenyewe hana kauli, isipokuwa mkataba wake uwe na kipengele cha kukataa, au awe amecheza ligi kuu miaka 10, mitano ya mwisho akiwa na klabu hiyohiyo.

Jambo la pili ni miaka sita. Mchezaji akiingia ligi kuu, klabu ina haki naye mpaka atimize miaka sita ya utumishi. Takriban mitatu ya kwanza hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2023 kilikuwa dola 720,000. Mitatu inayofuata mshahara hupanda kwa njia ya usuluhishi: pande mbili zisipoelewana, kila upande hupeleka kiasi chake na jopo huchagua kimoja. Baada ya hapo mchezaji yuko huru kwenda atakako kwa bei ya soko. Ndiyo maana kijana mzuri mwenye utumishi wa mwaka mmoja ni mali adimu kuliko mchezaji wa kiwango kilekile mwenye utumishi wa miaka mitano, ingawa uwanjani huwezi kuwatofautisha.

Desemba ile, Murphy alikuwa na umri wa miaka 28 na misimu mitatu tu iliyobaki kabla ya uhuru wake. Contreras alikuwa anakaribia kutimiza miaka 25, na mbele yake kulikuwa na misimu mitano. Shika tarakimu hizo, tutazirudia.

Kazi inayofanyika kwa kuchuchumaa

Katika timu inayolinda, mdakaji peke yake ndiye anayeutazama uwanja mzima uso kwa uso. Wenzake wote wanatazama kwake. Anachuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na barakoa ya vyuma, kinga ya kifua na kinga za miguu, akidaka mipira inayorushwa kutoka umbali wa mita 18 hivi, mingi ikikaribia au kuzidi kilomita 150 kwa saa. Kudaka ndiyo sehemu nyepesi. Anashauriana na mrushaji kuhusu aina ya mpira wa kurusha, kwa kuzingatia udhaifu wa mpigaji aliye mbele yao na hali ya mchezo. Anajitupa kuzuia mipira inayogonga ardhini. Mkimbiaji akijaribu kuiba besi ya pili, yaani kukikimbilia kituo cha pili mpira ukiwa haujapigwa, mdakaji ana takriban sekunde mbili kuudaka mpira, kuinuka na kuufikisha umbali wa mita 39.

Halafu kuna ustadi ambao kwa miaka mingi uliishi kwenye masimulizi ya makocha tu: namna ya kuudaka mpira ulio ukingoni kwa utulivu, bila mkono kuyumba, hadi mwamuzi aliye nyuma ashawishike kwamba umepita ndani ya eneo la straiki, yaani eneo ambalo mpira ukipita mpigaji huhesabiwa kosa. Kamera za kufuatilia mpira zilipoenea viwanjani kuelekea mwaka 2008, ikawezekana kuhesabu nani anawapatia warushaji wake straiki za ziada na nani anawapotezea. Uchambuzi wa Mike Fast wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba tofauti kati ya mdakaji bora na mbovu ni kubwa kiasi cha kugeuza msimu. Jose Molina, mtu mzito wa kukimbia na dhaifu wa kupiga, akaonekana ghafla kuwa mmoja wa wachezaji wenye manufaa makubwa kwa mshahara mdogo, na Tampa Bay Rays wakamsajili kwa msimu wa 2012.

Hapo soko likabadilika. Wadakaji waliokuwa wakihukumiwa kwa fimbo sasa walihukumiwa kwa glovu. Ikazuka pia hatari mpya: klabu ilianza kulipia kitu ambacho shabiki hakioni, na ambacho kinaweza kuyeyuka bila dalili ya nje. Mpigaji akichakaa, kila mtu anaona. Mdakaji akipoteza wepesi wa kifundo cha mkono, anayeona kwanza ni mtu mwenye kompyuta ofisini, na pengine ndiye huyohuyo anayekuuzia. Bila wachambuzi wako mwenyewe, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwili unalipa deni

Hakuna nafasi inayomla mtu kama hii. Katika mechi moja mdakaji huchuchumaa na kuinuka zaidi ya mara 100, na msimu una mechi 162. Mipira iliyopigwa vibaya humgonga vidole, mabega na barakoa. Ndiyo sababu wadakaji wa kwanza wa timu hucheza mechi 110 au 120 nyuma ya mpigaji, na inayobaki huachiwa msaidizi.

Joe Mauer wa Minnesota Twins alisaini mwaka 2010 mkataba wa miaka minane wa dola milioni 184, wa kuanzia msimu wa 2011. Alilipwa kama mdakaji anayepiga vizuri kuliko wadakaji wote wa kizazi chake. Agosti 2013 alipata mtikisiko wa ubongo, na kuanzia 2014 akahamishiwa besi ya kwanza, nafasi ambayo wapigaji wazuri ni wengi. Mtu alikuwa yuleyule na mshahara uleule, ila thamani yake kwa timu ilipungua sana, kwa sababu kipaji chake kilikuwa adimu pale tu alipokuwa nyuma ya mpigaji. Buster Posey wa San Francisco Giants alivunjika mguu Mei 2011 mkimbiaji alipomgonga kwenye kibao cha nyumbani, kituo ambacho mkimbiaji akikigusa timu yake hupata pointi. Alirudi na akachaguliwa mchezaji bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, mwaka 2012, na tukio lile lilichangia kanuni ya mwaka 2014 inayozuia migongano ya aina hiyo. Kanuni ile iliokoa miguu. Vidole, nyonga na vichwa bado viko hatarini.

Kwa hiyo mdakaji wa miaka 28 na mchezaji wa nje, anayelinda nyasi za mbali uwanjani, wa miaka 28 hawana umri mmoja kibiashara. Ninaposoma kwamba klabu imempa mdakaji mkataba unaovuka miaka 33, swali langu la kwanza ni nani atakuwa akidaka mwaka wa mwisho.

Atlanta walichokiona

Tuwatendee haki Atlanta. Murphy alikuwa ameshinda Glovu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, mwaka 2021 na alikuwa ametoka kucheza mechi 148 msimu wa 2022, akivusha uzio mipira 18, mapigo yanayoleta pointi papo hapo. Alikuwa na mkono wa kutupa mbali, alidaka kwa utulivu, alipiga kwa nguvu. Contreras alikuwa amevusha mipira 20 katika mechi 97 tu na kuchaguliwa mechi ya nyota, inayokusanya wachezaji bora wa msimu, lakini udakaji wake ulitiliwa shaka, na sehemu ya mechi zake alikuwa mpigaji tu asiyelinda. Kwa klabu iliyokuwa ikiwania ubingwa mwaka uleule, kubadilisha mashaka kwa uhakika lilikuwa jambo la busara.

Tatizo la misimu mitatu walilitatua kwa namna waliyoizoea. Machi ya mwaka uleule walikuwa wamemchukua Matt Olson kutoka Oakland na kumsainisha miaka minane mara moja. Kwa Murphy walisubiri wiki mbili hivi, kisha wakampa miaka sita kwa dola milioni 73: milioni 4 mwaka 2023, milioni 9 mwaka 2024, halafu milioni 15 kila mwaka kuanzia 2025 hadi 2028, na uamuzi wa klabu kwa 2029. Kwa mdakaji wa kiwango chake, bei ile ilikuwa nafuu.

Na ikaonekana hivyo kwa miezi kadhaa. Mwaka 2023 Murphy alianza mechi ya nyota, Atlanta wakashinda mechi 104, naye akamaliza na mipira 21 iliyovuka uzio, mingi kati yake kabla ya mapumziko ya Julai. Nusu ya pili fimbo yake ikapoa vibaya. Siku ya kwanza ya msimu wa 2024 akaumia misuli ya ubavu. Aliporudi alicheza mechi 72 tu, wastani wake ukawa .193, yaani alipata mpigo halali chini ya mara mbili kwa kila majaribio 10. Mwaka 2025 akaanza na ubavu uliopasuka kwa kugongwa na mpira wakati wa mazoezi, na Septemba akafanyiwa upasuaji wa nyonga.

Tazama sasa ratiba ya malipo. Milioni 15 zilianza mwaka 2025, mwaka uleule ambao mwili ulidai mapumziko. Na pengo lake lilizibwa na nani? Na Drake Baldwin, mdakaji ambaye Atlanta walimchukua kwenye uteuzi wa vijana Julai 2022, miezi mitano kabla ya dili la Murphy. Baldwin alimaliza 2025 akiwa mchezaji bora mpya wa National League, kwa mshahara wa anayeanza kazi. Hakuna aliyeweza kulijua hilo Desemba 2022, wala simlaumu yeyote. Lakini ndiyo gharama isiyoandikwa ya kumfunga mdakaji kwa miaka mingi: kijana wako mwenyewe akichipuka, tayari umeshalipa.

Milwaukee walichokiona

Upande wa pili wa dili ndio unaonivutia zaidi. Milwaukee walitoa mtu mmoja, Esteury Ruiz, mkimbiaji hodari ambaye fimbo yake ilikuwa haijathibitika, wakapata mdakaji wa mechi ya nyota na warushaji wawili. Kwa nini Atlanta waliona upungufu wa Contreras kuwa sababu ya kumwachia, na Milwaukee wakauona kuwa sababu ya kumpata kwa bei nafuu?

Jibu liko Desemba 2019. Mwaka ule Milwaukee walimchukua Omar Narváez kutoka Seattle Mariners. Narváez alikuwa mpigaji mzuri ambaye takwimu za 2019 zilimweka miongoni mwa wadakaji wabovu kabisa katika kuwapatia warushaji straiki za ukingoni. Msimu uliofuata, akiwa Milwaukee, akawa miongoni mwa bora. Hakuzaliwa upya. Alifundishwa: namna ya kuweka goti moja chini, mahali pa kuanzia glovu, njia ya mkono kuelekea mpira. Klabu hii iligundua kwamba udakaji ni ufundi unaofundishika hata kwa mtu mzima, wakati nguvu za kupiga huja na mtu au hazimjii kabisa. Kwa hiyo walinunua kile ambacho wasingeweza kukitengeneza, na kilichopungua wakakitengeneza wenyewe.

Kwa Contreras walirudia njia ileile. Mwaka 2023 alipiga kwa wastani wa .289 na mipira 17 ikavuka uzio, huku udakaji wake ukipanda kutoka kutiliwa shaka hadi kusifiwa. Mwaka 2024 alivusha 23, akacheza mechi 155 na kumaliza wa tano kwenye kura za mchezaji bora wa National League. Milwaukee waliongoza kundi lao mwaka 2023, 2024 na 2025, na msimu wa mwisho kati ya hiyo walishinda mechi 97, nyingi kuliko klabu nyingine yoyote ya ligi nzima. Yote hayo kwa mishahara ya mtu ambaye bado hajafikia uhuru.

Oakland? Walikuwa wakibomoa timu ili kupunguza gharama, na kwao hatari ilikuwa ya aina nyingine: kumtoa mtu mmoja wa uhakika kwa watu wengi wa labda. Ruiz aliiba besi 67 mwaka 2023 na kuongoza American League, lakini hakudumu klabuni. Muller alianza kama mrushaji wa siku ya ufunguzi, kisha wapigaji wakamsumbua. Timu ilipoteza mechi 112. Nadhani kosa lao lilikuwa kuhesabu vichwa. Contreras mwenyewe alikuwa ndani ya dili lilelile, akapita mbele yao kwenda Milwaukee.

Upande wa pili wa sarafu: Realmuto

Ningekomea hapo, msomaji angeamini kwamba anayemtoa mdakaji aliyekomaa ndiye mshindi daima. Historia inakataa. Februari 2019 Miami Marlins walimpeleka J.T. Realmuto Philadelphia Phillies na kupokea mrushaji kijana Sixto Sánchez, mdakaji Jorge Alfaro, mrushaji Will Stewart na fungu la fedha za kusajili vijana wa nje. Realmuto alikuwa na miaka 27 na misimu miwili tu iliyobaki. Sánchez alihesabiwa miongoni mwa vijana wenye mkono bora wa kurusha nchini humo. Kwa hesabu ya miaka niliyoieleza juu, Miami walikuwa wanauza vizuri.

Kisha Sánchez akang'ara katika mechi saba za 2020, bega likaumia, akafanyiwa upasuaji 2021, na hakurusha tena ligi kuu hadi 2024, kwa muda mfupi. Realmuto akashinda Glovu ya Dhahabu 2019 na tena 2022. Phillies walilazimika kumpa dola milioni 115.5 kwa miaka mitano mwanzoni mwa 2021, bei iliyoweka rekodi ya malipo ya mwaka kwa mdakaji, na walikaa misimu mitatu bila kufika mchujo. Lakini Oktoba 2022, mechi ya kwanza ya World Series, fainali ya MLB, ni Realmuto aliyevusha mpira uzio katika awamu ya 10 na kuwapa ushindi dhidi ya Houston.

Tofauti na Murphy ni ipi? Sehemu ni bahati ya mwili. Sehemu ni malipo yaliyotolewa. Miami walipokea mkono wa mrushaji kijana, kitu pekee ninachokijua katika besiboli kinachovunjika kwa urahisi kuliko mdakaji. Atlanta walitoa mdakaji anayepiga, akiwa na miaka mitano mbele yake. Anayepima dili kwa kumtazama mdakaji anayenunuliwa peke yake ameangalia nusu ya mizani.

Wakati mwingine anayeuza huwa na sababu nzuri kuliko zote, yaani mrithi. Novemba 2003 Minnesota walimtoa A.J. Pierzynski kwenda San Francisco kwa sababu Mauer alikuwa tayari. Walipokea Joe Nathan, Francisco Liriano na Boof Bonser. Nathan, mrushaji wa mwisho anayelinda uongozi wa timu hadi mechi iishe, alifunga mechi 260 akiwa Minnesota. Giants walimwacha Pierzynski baada ya msimu mmoja. Na Julai 1997 Seattle, wakihitaji mfungaji wa mechi, waliwapa Boston Red Sox mdakaji kijana Jason Varitek pamoja na Derek Lowe ili wampate Heathcliff Slocumb. Varitek alikuja kuwa nahodha, na wote wawili walikuwamo kwenye ubingwa wa 2004.

Kumchukua katikati ya msimu

Ugumu huongezeka dili linapofungwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Mchezaji wa nje akihama leo, kesho anasimama nyasini na kukimbiza mpira. Mdakaji anapokewa na warushaji hadi 13 ambao hajui mipira yao inavyokata, nani hupaniki akiwa na wakimbiaji besini, nani hataki kuzungumzishwa. Kazi ambayo wenzake waliianza Februari yeye anaifanya kwa siku chache.

Inawezekana. Agosti 1, 2022 Christian Vázquez aliondoka Boston kwenda Houston Astros, akiwa tayari yuko Houston kucheza dhidi yao, na kilichobadilika kwanza kilikuwa chumba cha kuvalia. Novemba ya mwaka uleule alidaka mechi ya nne ya World Series, ambamo warushaji wanne wa Houston hawakuruhusu hata mpigo mmoja. Houston walipata ubingwa. Boston walipata vijana wawili, mmoja wao Wilyer Abreu, ambaye baadaye alishinda Glovu ya Dhahabu. Hilo ni moja ya madili machache ambayo siwezi kumtaja aliyepunjwa.

Na kuna dili ambalo halikutokea, ambalo kwangu linafundisha kuliko mengi yaliyotokea. Mwishoni mwa Julai 2016 Milwaukee walikubaliana na Cleveland kumpeleka Jonathan Lucroy, bingwa wa kudaka mipira ya ukingoni. Lucroy alikuwa na kipengele cha kukataa, akakitumia. Cleveland hawakuweza kumhakikishia kwamba mwaka uliofuata angedaka kila siku, na kwa mdakaji anayekaribia kuwa huru, kuonekana akicheza besi ya kwanza kungeshusha bei yake. Siku mbili hazikupita, akaenda Texas Rangers. Cleveland wakaendelea na Roberto Pérez, wakafika World Series, na Pérez akavusha uzio mara mbili katika mechi ya kwanza. Francisco Mejía, kijana ambaye wangemtoa kwa ajili ya Lucroy, hakufikia matarajio. Lucroy mwenyewe alididimia mwaka 2017, na zile straiki za ukingoni zikatoweka pamoja na fimbo. Milwaukee walipokea Lewis Brinson, na Januari 2018 wakamtumia ndani ya dili la kumpata Christian Yelich, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa National League mwaka huohuo.

Kisichoandikwa kwenye takwimu

Mei 2023 St. Louis Cardinals walimwondoa kwa muda Willson Contreras, kaka yake William, kwenye udakaji. Alikuwa hajamaliza hata miezi miwili ya mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 87.5, akirithi nafasi ya Yadier Molina aliyedaka pale karibu miongo miwili. Yeye alisajiliwa akiwa huru, hakubadilishwa, lakini jeraha ni lilelile linalompata mdakaji yeyote anayehama. Timu ilikuwa ikifungwa, warushaji walikuwa wamezoea sauti moja, na lawama zikaangukia glovu mpya. Alirudi kwenye nafasi yake baada ya siku chache. Mimi naona hakutendewa haki: mrushaji akipigwa, mpira ulirushwa na mrushaji. Lakini klabu inayomleta mdakaji bila kuwaandaa warushaji wake imenunua mgogoro pamoja naye.

Zaidi ya hayo, sheria zenyewe zinasogea. Mwaka 2023 besi ziliongezwa kutoka inchi 15 hadi 18 na mrushaji akawekewa mpaka wa mara anazoweza kusitisha kurusha ili kumzuia mkimbiaji besini. Besi zilizoibwa zikaruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Mkono wa mdakaji ukapanda bei kwa kalamu ya kamati. Kuanzia msimu wa 2026, mpigaji, mrushaji au mdakaji anaweza kugonga kofia yake na kuomba mashine ikague uamuzi wa mwamuzi. Kila timu ina nafasi mbili kwa mechi, na haipotezi nafasi ikiwa ilikuwa sahihi. Mipira mingi bado inaamuliwa na jicho la binadamu, hivyo ustadi wa ukingoni haujafa. Ila straiki iliyopatikana kwa ushawishi sasa inaweza kunyang'anywa wakati muhimu kuliko wote. Mdakaji anayejua hasa eneo la straiki linapoishia, na mwenye utulivu wa kutopoteza nafasi za timu, anapata thamani ambayo hakuna dili la zamani lililoipima.

Tangu msimu wa 2025 ulipokwisha, hesabu imewageukia Milwaukee wenyewe. Haki yao juu ya Contreras inakoma baada ya msimu wa 2027, naye mwaka 2025 alidaka akiwa na kidole kilichovunjika kwenye mkono wa glovu. Mji wao ni mdogo kwa mapato. Februari 2024, mrushaji wao bora Corbin Burnes alipobakiza mwaka mmoja, walimpeleka Baltimore. Kijana waliyemtayarisha kurithi, Jeferson Quero, alipoteza msimu mzima wa 2024 kwa jeraha la bega. Ni suala lilelile lililowakabili Oakland Desemba 2022, na bei ya Contreras inashuka kadiri kila msimu unavyokatika.